Robo dola na nusu dola za dhahabu za California: namna ya kujua ipi sarafu na ipi tokeni

Swali linarudi lile lile: mtu ana kipande cha dhahabu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimeandikwa CALIFORNIA GOLD, kina mwaka 1852 au 1854, na anataka kujua kama ameokota mali. Jibu la haraka ni kwamba vingi vinavyouzwa kwa maelezo hayo si sarafu. Ni tokeni za ukumbusho zilizotengenezwa baada ya sarafu zenyewe kupigwa marufuku, au ni brasi iliyochovywa dhahabu. Za kweli zipo, na kuzitenganisha na hizo nyingine hakuhitaji maabara. Kunahitaji macho, mizani nzuri na kufuata mpangilio: soma maandishi kwanza, linganisha muhuri (chuma kilichochongwa kinachogonga picha na maandishi kwenye sarafu), kisha ndipo upime madini.

Wengi huanza na madini. Wanapeleka kipande kwa sonara, wanaambiwa ni dhahabu, wanarudi wakishangilia. Sonara hajakosea. Ila baadhi ya tokeni nazo ni za dhahabu, kwa hiyo alichojibu siyo ulichotaka kujua.

Mwongozo huu ni wa vipande vya robo dola, nusu dola na dola moja vilivyopigwa na masonara na wachonga mihuri binafsi wa San Francisco. Sarafu kubwa za enzi hiyo, kama zile za dola 50 zenye pembe nane za Augustus Humbert, zina taratibu zake na hazimo hapa.

Historia unayoihitaji, basi

Dhahabu ilionekana Coloma, California, Januari 1848. Watu wakafurika, lakini chenji ikawa adimu, na karakana ya serikali ya kupiga sarafu haikufunguliwa San Francisco mpaka 1854. Kuanzia 1852 masonara wakaziba pengo kwa vipande vidogo vya dhahabu. Wakusanyaji hugawa kazi hiyo sehemu tatu. Kipindi cha kwanza ni 1852 hadi katikati ya miaka ya 1850, vipande vilipotumika kweli madukani. Kipindi cha pili ni 1859 hadi 1882, vilipokuwa zaidi vya ukumbusho na zawadi. Sheria ya 1864 ilikataza watu binafsi kupiga sarafu, lakini haikusimamiwa kwa ukali hadi karibu 1883, maafisa wa Secret Service, idara ya serikali ya Marekani inayopambana na fedha bandia, walipowabana watengenezaji. Kuanzia hapo ndipo kinaanza kipindi cha tatu. Watengenezaji waliondoa thamani ya fedha kwenye maandishi ili wasishtakiwe, wakaendelea kuuza. Hicho kitendo kimoja, kuondoa neno la thamani, ndicho kinachokurahisishia kazi leo.

Vifaa

- Lenzi ya mkono ya sonara, ukuzaji mara 10. Hadubini ndogo ya USB inasaidia sana lakini si lazima.
- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.001. Ile ya gramu 0.01 ya kupimia viungo haitoshi, na sababu utaiona kwenye hatua ya 6.
- Uzito wa kusawazishia mizani. Mizani nyingi za aina hii huja nao ndani ya boksi, usiutupe.
- Kalipa ya plastiki. Ya chuma hukwaruza.
- Taa moja ya meza inayoinamishwa.
- Kikombe kidogo cha plastiki, maji safi yasiyo na chumvi (maji ya betri yanafaa, ila hakikisha ni yale ya kuongezea na siyo asidi), tone la sabuni ya vyombo, uzi mwembamba wa nailoni.
- Kitambaa laini cha kutandika mezani. Kipande cha gramu 0.25 kikidondoka sakafuni utakitafuta hadi jioni.
- Picha za sarafu halisi zilizothibitishwa, zikiwa na namba ya BG. Maktaba za picha za PCGS na NGC, kampuni za Marekani za kukagua na kuthibitisha sarafu, zipo wazi mtandaoni na hazilipiwi.

Namba ya BG imetokana na majina ya Breen na Gillio, walioziorodhesha sarafu hizi muhuri kwa muhuri. Mpangilio wake ukiuelewa utaokoa muda. Kwa kipindi cha kwanza, namba za 100 ni robo dola za pembe nane, 200 robo dola za duara, 300 nusu dola za pembe nane, 400 nusu dola za duara, 500 dola za pembe nane na 600 dola za duara. Kipindi cha pili kinarudia mpangilio ule ule kuanzia 700 hadi 1200.

Usifanye haya kabla hujaanza

Usisafishe. Usitumie dawa ya meno, soda, wala kitambaa cha kung'arisha vito. Usitumie asidi ya kupimia karati: kwenye bangili unaweza kukwangua sehemu isiyoonekana, lakini kwenye kipande cha milimita 10 hakuna sehemu isiyoonekana. Usiume kwa meno wala kukipinda kuona kama ni laini. Unene wake ni karibu milimita 0.2, kitapinda hata kama ni halisi, na kikishapinda thamani imeshuka.

Kishike kwa kingo, vidole vikavu.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta thamani iliyoandikwa. Weka kipande chini ya taa na usome kila herufi, pande zote mbili. Unatafuta tamko la fedha: 1/4 DOLLAR, HALF DOL., 1/2 DOL., 25 CENTS, DOLLAR, au ufupisho wake kama D. Sehemu kama 1/4 au 1/2 ikisimama peke yake bila DOLLAR, DOL. wala CENTS, haihesabiki kuwa thamani. Maneno CALIFORNIA GOLD nayo hayathibitishi kitu. Yako kwenye halisi, kwenye tokeni na kwenye feki.

Hapa ndipo wanaoanza wanapoteleza. Wanaona "1/2", akili inajaza "dola" yenyewe. Andika kwenye karatasi herufi zote kama zilivyo, ikiwemo nukta, bila kuongeza lako. Halafu soma karatasi.

Kisipokuwa na neno la thamani, kichukulie ni tokeni mpaka namba ya BG ikukatalie.

2. Tazama picha zilizochorwa. Dubu akiwa ndiye picha kuu ya upande wa nyuma, karibu hakika umepata tokeni. Neno EUREKA, ambalo ni kaulimbiu ya jimbo la California, hupamba tokeni nyingi sana, na vivyo hivyo shada la majani lenye 1/4 au 1/2 tu katikati. Ukikuta PINCH au DWT (ufupisho wa pennyweight, kipimo cha uzito wa dhahabu) na jina la Alaska, hiyo ni familia nyingine ya vipande vya ukumbusho vya mwanzoni mwa karne ya 20.

Sarafu halisi kwa kawaida zina kichwa upande wa mbele: kichwa cha Liberty (mwanamke anayewakilisha uhuru), kichwa chenye taji la manyoya kinachowakilisha wenyeji wa asili wa Marekani, au, kwa baadhi ya zile za 1872, kichwa cha George Washington. Nyuma kuna maandishi ya thamani ndani ya shada au duara la shanga. Tai yumo kwenye chache. Kuna nusu dola ya pembe nane ya 1853, BG-302, ambayo tai wake amezungukwa na miale hadi wakusanyaji wanamwita Peacock, yaani tausi. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni feki kwa ule uchoraji wa ajabu. Ndiyo maana hatua hii haitoi hukumu ya mwisho. Inakupeleka tu kwenye kundi la kulinganisha.

3. Soma mwaka, usiuamini. Watengenezaji wa kipindi cha pili walirudisha tarehe nyuma ili vipande vionekane vya enzi ya mbio za dhahabu. Kwa hiyo 1854 juu ya kipande haimaanishi kilipigwa 1854. Na kinyume chake, kukosa mwaka si kasoro: zipo robo dola za duara za kipindi cha kwanza, zenye kichwa kidogo cha Liberty, ambazo hazikuwekwa mwaka kabisa. Mwaka unautumia kutafutia picha za kulinganisha.

4. Tafuta herufi za mtengenezaji. Baadhi ya mihuri ina herufi ndogo chini ya kichwa au karibu na mwaka. N ni ya Antoine Louis Nouizillet, FD ni Frontier na Deviercy, GG ni Gaime, Guillemot na wenzao, G ni Robert B. Gray na wenzake. Inamisha taa hadi mwanga uje kwa ubavu, kama nyuzi 30 kutoka mezani, kisha zungusha kipande polepole. Herufi iliyofifia hujitokeza kwa kivuli chake. Ukimulika kutoka juu moja kwa moja hutaiona.

Kuwepo kwa herufi hakuthibitishi kitu chenyewe, maana feki hunakili herufi pia. Kazi yake ni kupunguza orodha ya kulinganisha kutoka mamia hadi chache.

5. Linganisha muhuri. Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo inayorukwa kwa sababu inachosha. Kila kipande halisi kilipigwa kwa jozi ya mihuri ya chuma iliyochongwa kwa mkono, na mkono haurudii kazi sawasawa. Chukua picha kubwa ya namba ya BG unayoishuku, uiweke pembeni ya picha ya kipande chako, kisha kagua kwa mpangilio huu:

Hesabu nyota zote kuzunguka kichwa, na uone nyota ipi iko karibu zaidi na ncha ya pua na ipi karibu na kisogo. Tazama ncha ya shingo inaelekea tarakimu ipi ya mwaka, au nyota ipi kama hakuna mwaka. Geuza. Hesabu matunda kwenye shada, upande wa kushoto kisha wa kulia. Angalia ncha ya jani la juu kabisa inaelekea herufi ipi. Pima kwa macho nafasi kati ya mstari wa sehemu na tarakimu za 1/4, halafu umbali wa DOLLAR hadi kwenye shada. Mwisho tafuta mipasuko ya muhuri, vile vistari vyembamba vilivyoinuka vinavyopita katikati ya maandishi. Mpasuko ulioinuka ni alama ya muhuri wenyewe na ukilingana na wa picha ni ushahidi mzuri. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa baadaye, haukuhusu.

Pointi moja ikikataa waziwazi, namba hiyo siyo. Jaribu inayofuata. Usilazimishe: matunda 9 hayawezi kuwa 8 "kwa sababu moja limefutika" kama majani ya jirani yake bado ni makali.

Ukimaliza namba zote za kundi hilo bila kupata jozi, kipande kina walakini hata kama kimeandikwa DOLLAR vizuri. Zipo feki za kisasa zilizonakili thamani.

6. Pima uzito, upana na densiti (uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake). Sawazisha mizani kwanza, iache dakika chache kwenye meza isiyotikisika, zima feni. Pima mara tatu, chukua wastani.

Dola ya dhahabu ya serikali ilikuwa na gramu 1.672, hivyo nusu yake ingekuwa 0.836 na robo 0.418. Vipande vya masonara huwa pungufu kuliko hapo, na ndivyo walivyopata faida. Robo dola nyingi halisi huangukia karibu gramu 0.2 hadi 0.3, kwa upana wa karibu milimita 9 hadi 11. Ukikuta robo yenye uzito kamili wa 0.418 usifurahi, iweke kando uichunguze zaidi. Kwenye pembe nane pima ubavu kwa ubavu, halafu pembe kwa pembe, na uandike ni kipimo kipi. Kuchanganya viwili hivyo kumefanya watu waseme sarafu nzuri ni feki.

Sasa densiti. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, tia tone moja la sabuni. Ning'iniza uzi ulio na kitanzi mtupu ndani ya maji, ukiwa umefungwa kwenye kitu kisichogusa mizani, na urudishe namba kwenye sifuri. Toa uzi, weka kipande kwenye kitanzi, kizamishe kwa kina kile kile bila kugusa sakafu wala kuta za kikombe. Soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Kwa kipande cha gramu 0.250 tarajia hivi. Dhahabu ya 900 kwa 1,000, yaani sehemu 900 dhahabu safi na 100 madini mengine, ina densiti ya karibu 17, mizani itasoma 0.014 au 0.015. Dhahabu ya karati 14 iko karibu 13, itasoma 0.019. Brasi iko karibu 8.5, itasoma 0.029. Unaona kwa nini mizani ya gramu 0.01 haifai: ingekupa 0.01 kwa dhahabu na 0.03 kwa brasi, na hapo katikati kila kitu kimepotea. Hata ya 0.001 ina utata wake. Ikikosea kwa tarakimu moja tu, densiti inaruka kutoka 16.7 hadi 15.6 au 17.9. Kwa hiyo tumia kipimo hiki kutenganisha dhahabu na brasi, usikitumie kubishania karati.

Na usitarajie namba ya dhahabu safi, 19.3. Dhahabu ya California ina fedha ndani yake kutoka ardhini, na masonara walichanganya walivyoona inafaa.

7. Kagua uso na kingo kwa lenzi. Vijishimo vya mviringo na uso wa chembechembe ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu; sarafu halisi zilipigwa, hazikumiminwa. Kwenye sehemu zilizoinuka, yaani shavu, nywele na ncha za herufi, tafuta rangi tofauti inayochungulia chini ya dhahabu. Kijani kwenye mikunjo ni kutu ya shaba na huashiria brasi. Doa jekundu au la kahawia peke yake halitoshi kuhukumu, kwa sababu shaba iliyochanganywa kwenye dhahabu huacha madoa.

Uso unaong'aa kama kioo nao hauhukumu. Vipande vingi vya kipindi cha pili vilitoka vikiwa hivyo.

Kwenye kingo, hasa sehemu ya juu ya kichwa, angalia alama za lehemu: uvimbe mdogo, rangi ya kijivu, au sehemu iliyosagwa kwa tupa. Vipande hivi vilivaliwa sana kwenye mikufu, pini na vifungo. Alama hiyo haifanyi sarafu kuwa feki, inapunguza bei tu, na muuzaji mwaminifu atakuwa ameitaja.

8. Kama kiko kwenye kasha la PCGS au NGC, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao na ulinganishe picha ya pale na kipande ulichonacho, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Namba kuwepo haitoshi. Makasha feki hutumia namba za kweli zilizonakiliwa.

Mambo yanayokwamisha

*Densiti inatoka tofauti kila nikipima.* Ni kiputo cha hewa. Kiputo cha milimita 2 kinabeba karibu gramu 0.004, na hicho kinatosha kuifanya dhahabu ya 17 isome 13. Kilowanishe kipande kwanza kwenye maji yenye sabuni, kitikise kwa uzi, kisha pima. Kama bado kinayumba, kata uzi mwembamba zaidi.

*Sumaku haikivuti, si ni dhahabu?* Brasi pia haivutwi. Sumaku inakwambia tu kwamba si chuma.

*Maandishi yana DOLLAR lakini nyuma kuna dubu.* Fuata dubu. Rudi hatua ya 5 na usipopata namba ya BG inayolingana kwa kila pointi, usilipe bei ya sarafu.

*Mashine ya eksirei ya mnunuzi wa dhahabu imesoma dhahabu nyingi, densiti yangu inasema brasi.* Mashine hiyo husoma tabaka la juu tu, na kwenye kipande kilichochovywa kwa unene itasoma dhahabu iliyopakwa. Rudia densiti kwa uangalifu. Ikisimama kwenye 8 au 9 mara tatu, iamini hiyo.

*Muuzaji anasema hakina neno COPY, kwa hiyo ni halisi.* Sheria ya Marekani ya kulazimisha nakala zipigwe muhuri wa COPY ni ya 1973. Tokeni za kabla ya hapo hazikuguswa nayo, na mtengeneza feki haisomi.

*Picha ni mbaya, siwezi kuhesabu matunda.* Usinunue. Omba picha mbili, kila upande, mwanga kutoka ubavuni, kipande kikijaza fremu. Muuzaji wa sarafu halisi ana sababu ya kukupa.

*Nimethibitisha ni tokeni. Nitupe?* Hapana. Kama densiti inasema dhahabu, ina thamani ya madini yake, na wapo wanaokusanya tokeni zenyewe kwa namba zao. Iuze ikiitwa tokeni.

*Muhuri unalingana, uzito unalingana, bado nina shaka.* Hapo ndipo pa kulipia ukaguzi wa PCGS au NGC. Piga hesabu kwanza: ada, bima na posta ya kwenda na kurudi vinaweza kuzidi bei ya robo dola ya kawaida iliyopinda au yenye lehemu. Kwa dola ya pembe nane au muhuri adimu, tuma. Kiweke kwenye kapsuli ya plastiki ngumu isiyo na PVC, si kwenye bahasha ya karatasi: mashine za kupangia barua hukikunja.